Bando la bure la masomo: likubali, lakini uliza orodha imeshikwa na nani

Swali: Mimi ni mwalimu wa kujitolea katika kituo cha kusomea jioni huku Kayole. Tuna watoto wa kuanzia Gredi ya 7 hadi kidato cha nne, na wengi wanatumia simu za wazazi. Kampuni moja ya simu imetuambia inaweza kutupa laini ambazo zitafungua Wikipedia na tovuti chache za masomo bila kula bando. Wazazi wawili wamekataa. Wanasema cha bure kina wenyewe, kwamba serikali itakuwa inaona watoto wanasoma nini, na siku ikiudhika itaziba. Je, tukubali? Na ni kweli serikali inaweza kuchagua ukurasa mmoja tu ikauziba?

Jibu:

Mwalimu, kubali. Ila wazazi hao wawili usiwakatize, kwa sababu hofu yao ina msingi hata kama wameielekeza pasipo. Wao wanaogopa siku serikali itakapoziba kwa kishindo. Mimi, niliyefanya kazi miaka mingi upande wa mitambo ya simu, naogopa zaidi siku ambayo hakuna atakayeziba chochote, ila kilichokuwa bure kitaanza kula salio na hakuna atakayejua nani aliamua.

Tuanze na kinachotendeka mtoto akigusa simu. Tuseme anatafuta makala kuhusu usanisinuru. Simu kwanza inauliza seva za Wikipedia ziko wapi, halafu inabisha hodi na kutaja jina la tovuti inayoitaka. Jina hilo kwa kawaida hupita wazi, na aliye njiani anaweza kulisoma. Kinachofuata baada ya hapo kimesimbwa, yaani kimefumbwa asikisome aliye njiani. Sasa ndani ya kampuni ya simu, kati ya minara na intaneti ya nje, kuna mtambo ambao kazi yake ni kuhesabu MB za kila laini. Huo ndio unaosoma lile jina na kulilinganisha na orodha uliyopewa. Likiwamo, hesabu inasimama. Lisipokuwamo, bando linaendelea kuliwa. Bure yote, pamoja na mabango yake ya Thika Road, ni mstari mmoja kwenye orodha hiyo.

Mtambo wa aina hiyohiyo ukipewa orodha ya pili unaweza kuambiwa jina fulani lisipite kabisa, ulipe usilipe. Si lazima kinunuliwe kifaa kipya wala fundi apande mlingoti. Kwa hiyo waeleze wazazi hivi: laini ya bure haiipi serikali mlango ambao haukuwapo. Anayenunua bando la wiki kwa pesa zake naye anapita palepale, na ikizibwa, imezibwa kwake pia.

Kuhusu kuonwa. Wikipedia ilihamishia usomaji wake wote kwenye muunganisho uliosimbwa mwaka 2015, ndiyo maana unaona kile kikufuli kando ya anwani. Tangu hapo kampuni ya simu inamjua msomaji vile makanga anavyomjua abiria: umepandia Kayole saa ngapi, umeshukia Kencom, una mzigo mkubwa kiasi gani. Umeingia duka gani na umenunua nini, hajui. Kampuni itajua laini fulani ilifungua Wikipedia saa mbili usiku na kuvuta MB tatu. Kama ni usanisinuru, au Mau Mau, au lile swali la ujana ambalo mtoto haoni mtu mzima wa kumuuliza, hilo halisomeki pale katikati. Tena laini zetu zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wazima, kwa hiyo jina litakaloonekana ni la mama au la kituo.

Si kila bure imejengwa hivyo, lakini. Free Basics, mpango wa Facebook wa kufungua tovuti chache bure, uliofika Kenya kupitia Airtel mwishoni mwa 2014, ulipitisha tovuti zake kwenye seva za Facebook kabla hazijamfikia msomaji, na kwa aliyetumia kivinjari cha simu data ilifunguliwa kwa muda ikiwa huko. Maana yake kulikuwa na mtu wa tatu njiani, na mtu huyo ni kampuni ya matangazo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa wafadhili wenu liwe hili: je, laini zinakwenda moja kwa moja kwenye tovuti, au zinapitia programu au ukurasa wenu? Wakisema moja kwa moja, vizuri. Wakisema kuna programu ya kupakua inayoomba namba na jina la mtoto, pumzisha mazungumzo kwanza.

Sasa swali lako la ukurasa mmoja. Jibu ni kwamba hiyo kazi imekuwa ngumu, na ugumu huo ndio kinga kubwa ya msomaji kuliko sheria yoyote. Kwa kuwa aliye njiani anaona jina la tovuti tu, hana budi kuchagua: aache yote au azibe yote. Urusi ilijifunza hilo Agosti 2015. Makala ya Kirusi kuhusu charas, aina ya bangi, iliwekwa kwenye orodha ya marufuku, na kwa kuwa kampuni za intaneti hazikuweza kuitenga peke yake, baadhi ya watu walijikuta wamekosa Wikipedia nzima. Amri ikafutwa upesi.

Uturuki haikurudi nyuma upesi hivyo. Tarehe 29 Aprili 2017 iliziba Wikipedia ya lugha zote, ikichukizwa na makala zilizoihusisha na makundi yenye silaha nchini Syria. Mwanafunzi wa tiba wa Ankara akakosa anatomia kwa sababu ya ugomvi wa siasa ambao haukumhusu. Ilichukua hadi Desemba 2019 Mahakama ya Katiba ya huko kusema uhuru wa kujieleza umevunjwa, na tovuti ikarudi Januari 2020. China nayo imeziba lugha zote tangu 2019. Pakistan iliziba Februari 2023, ikafungua baada ya siku chache tu.

Serikali isiyoweza kuchagua ukurasa humgeukia mtu, na hili huwa watu hawaliwazii. Mwaka 2013 idara ya ujasusi ya Ufaransa, ndiyo, Ufaransa, ilimwita mhariri mmoja wa kujitolea wa Wikipedia na kumshurutisha afute makala kuhusu kituo cha redio cha kijeshi cha Pierre-sur-Haute. Akaifuta. Wengine wakairudisha, na makala ambayo karibu hakuna aliyekuwa akiisoma ikawa inasomwa kuliko nyingine zote za Kifaransa kwa muda. Kichekesho, lakini yule mtu aliitwa kweli, akakalishwa kweli.

Kwetu pia hatari imeelemea upande wa anayeandika kuliko anayesoma. Mwaka 2025 msanidi programu Rose Njeri alikamatwa kwa kutengeneza kitumizi kilichowawezesha wananchi kutuma barua pepe bungeni kuupinga Mswada wa Fedha, akashtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta, kisha mahakama ikaitupa kesi. Alishinda, lakini alikuwa amelala seli. Mwanafunzi wako anayesoma makala hayuko kwenye njia hiyo. Akianza kuhariri makala, na natumaini kuna siku wataanza kwa sababu Wikipedia ya Kiswahili inawahitaji, hapo mfundishe asitumie jina lake halisi na asifungue akaunti kwa jina la shule. Asihariri bila akaunti akidhani amejificha, vilevile. Jina la kubuni lisilomhusisha na mtu yeyote ndilo kinga.

Sasa Kenya yenyewe huwa inafanyaje? Nikuambie ninavyoiona, maana tabia ya serikali inajulikana kwa iliyokwisha kufanya. Ina mazoea ya kushika programu nzima kwa saa chache. Wakati wa mitihani ya kitaifa, 2023 na tena 2024, Telegram ilizibwa. Mwaka 2024 Mamlaka ya Mawasiliano iliziandikia kampuni zizibe saa za mtihani, asubuhi na alasiri, ili kuzuia karatasi bandia na za wizi. Kama kituo chenu huweka mazoezi ya zamani kwenye chaneli ya Telegram, yapakue kabla ya Oktoba kuisha. Hilo ni la hakika kuliko mengi ninayokwambia hapa.

Halafu kuna siku za siasa. Tarehe 25 Juni 2024, siku vijana walipoingia Bunge, intaneti ilidhoofika nchi nzima. Mamlaka ilikuwa imesema siku moja kabla kwamba haina nia ya kuizima, na kampuni zikataja hitilafu ya nyaya za chini ya bahari. Kila mtu ana imani yake juu ya hilo. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, agizo lilitoka vituo vya televisheni viache kurusha maandamano moja kwa moja na mitambo ya baadhi ikazimwa, mpaka Mahakama Kuu ikaingilia jioni hiyo. Wenye kumbukumbu watasema hiyo ni kasi nzuri. Januari 2018, wakati wa lile tukio la Uhuru Park la kumwapisha Raila Odinga, vituo vilizimwa na vikaendelea kuwa kimya kwa siku kadhaa hata baada ya mahakama kuamuru viwashwe.

Mahakama ndiyo imetubeba, tuseme ukweli. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kuizuia serikali na kampuni kuzima au kuvuruga intaneti kesi ikiendelea. Upande wa pili, Oktoba 2025 Rais Ruto alitia saini marekebisho ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, ambayo yanaipa kamati ya kitaifa inayoratibu mambo hayo uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungwe ikithibitika inaendeleza uharamu: ugaidi, ngono ya watoto, itikadi kali za kidini na mengineyo. Siku chache tu baadaye mahakama ikasimamisha vifungu vya unyanyasaji wa mtandaoni katika sheria hiyo. Majirani zetu wametuonyesha mbali zaidi: Uganda ilizima intaneti kwenye uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ikazima siku ya kura, 29 Oktoba 2025, na kukaa gizani kwa siku kadhaa.

Nikiweka yote hayo pamoja, sioni Kenya ikiziba Wikipedia peke yake. Haina sababu, na kelele zingekuwa nyingi. Ninachokiona kinawezekana ni mtandao mzima kulegea au kukatika siku ya joto la siasa, na Agosti 2027 tuna uchaguzi. Siku hiyo laini ya bure na ya kulipia zitalala pamoja.

Nirudi kwenye lile la kimya. Mwaka 2012 wanafunzi wa Sinenjongo, shule ya sekondari ya Joe Slovo Park huko Cape Town, waliziandikia kampuni za simu barua ya wazi wakiomba Wikipedia iwe bure kwenye simu, kwa kuwa shule yao haikuwa na maktaba. Mwaka huohuo wenye Wikipedia walianzisha mpango wa Wikipedia Zero: kampuni inaacha kutoza, hakuna pesa inayopita kati yao. Airtel Kenya ilijaribu hata ya ujumbe mfupi mwaka 2013, mtu wa kabambe, simu ya vitufe, akawa anaweza kusoma makala vipande vipande. Mpango ulienea hadi nchi 72 na kuwafikia watu zaidi ya milioni 800. Februari 2018 ukatangazwa kwamba unafungwa. Hakuna serikali iliyouua. Wenyewe walisema hamu ya kampuni kujiunga ilikuwa imeshuka sana.

Kwa msomaji wa mtaani ilionekanaje? Hakukuta bango jekundu wala tangazo la "umezuiwa". Alifungua makala kama jana, ikafunguka kama jana, ila usiku alipotaka kutuma ujumbe akakuta bando limekwisha. Wengi hawakujua kuna kitu kilichofungwa. Walidhani simu imekula.

Uturuki ilipoziba, dunia nzima ilijua saa ileile, mawakili wakapata pa kushika, kesi ikafika mahakama ya juu. Lakini jina likitolewa kwenye orodha ya bure, tovuti bado iko wazi. Ukilalamika utaambiwa, kwa ukweli kabisa, kwamba hakuna kilichozibwa, nunua bando usome. Mahakamani utakwenda na lipi? Na kwa mtoto ambaye mama yake ana shilingi ishirini za kuchagua kati ya bando na sukuma wiki, hakuna tofauti kati ya tovuti iliyozibwa na iliyowekwa bei. Sisemi kampuni yoyote hapa imeshawahi kuagizwa hivyo. Nasema kampuni ya simu inaishi kwa leseni, na simu moja kutoka kwa anayetoa leseni haihitaji kuandikwa ndipo isikike. Na mara nyingi haitakuwa serikali hata kidogo. Itakuwa mtu wa masoko aliyeona mradi hauleti wateja wapya.

Wapo wanaosema kwa sababu hizi tuzikatae kabisa hizi bure, na hoja yao ni nzito: anayechagua tovuti tano za kuwa bure anaziua elfu nyingine kwa maskini. India ilikubaliana nao, mdhibiti wake alipiga marufuku bei za kubagua tovuti Februari 2016, na Free Basics ikaondoka huko. Ningekuwa naandika sheria ningeisikiliza hoja hiyo kwa makini. Lakini mtoto wa kidato cha nne ana mtihani Novemba, si mkutano wa sera. Na vijana hawafungiki na ukuta kama watu wazima wanavyodhani. Angola, Wikipedia na Facebook zilipokuwa bure, vijana walianza kuficha filamu za wizi ndani ya hazina ya picha za Wikimedia, shirika lenye Wikipedia, na kubadilishana anwani kwenye vikundi vya Facebook. Wahariri wa Kireno walitoka jasho kuzifuta. Sikushauri uwafundishe wako, ila usishangae.

Basi mkikaa na kampuni hiyo, waombe orodha yenyewe, kwa maandishi, jina kwa jina. Hapa ndipo watu huchezewa bila hata nia mbaya. Picha za Wikipedia hazikai kwenye jina lilelile la makala, zinatoka upload.wikimedia.org. Kampuni ikiandika wikipedia.org peke yake, maneno yatakuwa bure na michoro itakula bando, au kwa laini tupu haitaonekana kabisa. Mtoto anasoma moyo wa binadamu na mahali pa mchoro pana kisanduku cheupe. Nimekutana na hili kwenye mradi wa shule wa kampuni ambayo sitaitaja. Walimu walidhani simu ni za bei rahisi ndiyo maana hazionyeshi picha, na hakuna aliyeuliza. Viungo vya chini ya makala navyo humtoa mtoto nje ya orodha. Wikipedia Zero ilikuwa na onyo linalojitokeza kabla hujatoka kwamba kuanzia hapa utatozwa. Waulize kama lao litakuwa nalo.

Waombe pia ahadi, hata kwa barua pepe ya mistari miwili, kwamba jina likiongezwa au kuondolewa watawajulisha kabla, na kama limeondolewa kwa agizo la mamlaka watasema hivyo. Labda watakataa sehemu ya pili. Wakikataa, bado una njia: Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakuruhusu kuiandikia Mamlaka ya Mawasiliano yenyewe na kuuliza kama imetoa agizo, nayo inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Isipojibu, unapeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman. Barua ni ya ukurasa mmoja, haihitaji wakili. Ninapenda watu waiandike hata wasipotegemea jibu, kwa sababu barua iliyopokewa na kugongwa muhuri ni kumbukumbu, na mambo ya kimya yanachukia kumbukumbu.

Usiwape orodha ya watoto. Laini zisajiliwe kwa kituo au kwa mzazi anayetaka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla data ya mtoto haijachakatwa, na kampuni ikisisitiza kwamba inahitaji majina, shule na umri "kwa ajili ya ripoti", hiyo ripoti ndiyo bei ya bando. Idadi ya watoto inatosha.

Laini zikifika, chukua moja isiyo na salio wala bando hata kidogo. Zima wifi. Fungua makala yenye michoro mingi, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kisha zile tovuti nyingine walizotaja. Kisichofunguka hakiko bure, hata kipeperushi kiseme nini. Rudia hivyo kila mwanzo wa muhula, na matokeo mtoto mmoja ayaandike kwenye daftari na tarehe. Ndivyo mtakavyojua siku jina limetolewa, badala ya kudhani simu imekula.

Uliniuliza pembeni kuhusu wifi ya bure ya serikali, ile inayowekwa masokoni chini ya mpango wa vituo 25,000. Itumieni. Mwenye wifi anaona kile kile kampuni ya simu inachoona, majina ya tovuti, hakuna zaidi mradi kikufuli kipo. Ila msifungulie hapo akaunti za pesa.

Kitu ambacho ningefanya mwezi huu, kabla hata ya kusaini na kampuni, ni kuleta maktaba ndani ya chumba. Kuna programu inayoitwa Kiwix, ya bure, inayokuwezesha kupakua Wikipedia nzima kama faili moja na kuisoma bila mtandao. Hapo hakuna orodha ya mtu, hakuna mita, wala siku ya maandamano. Ya Kiswahili ni ndogo, inaingia kwenye simu ya kawaida. Ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100, lakini ipo isiyo na picha, karibu nusu ya hiyo, na zipo za masomo maalum kama tiba au hisabati. Ipakue mara moja mahali penye intaneti ya waya, hata kwa rafiki au kwenye saiba ya usiku, kisha iweke kwenye kompyuta ya kituo. Kiwix ina uwezo wa kuigeuza kompyuta hiyo kuwa seva ndogo: watoto wanaunganisha simu kwenye ruta yenu, hata kama ruta haina intaneti, na wanasoma wote kwa pamoja. Kasoro ni kwamba nakala inazeeka. Ya mwaka huu haitakuwa na matokeo ya uchaguzi wa mwaka kesho. Kwa fizikia ya kidato cha nne hilo halidhuru, na mara moja kwa mwaka unapakua mpya.

Jambo la mwisho ni kadi za kumbukumbu, maana hapo ndipo vituo vingi hukwama na kurudi kuniambia programu ni mbovu. Kadi nyingi za GB 32 kushuka chini zinakuja zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Utanakili, itakataa, wakati unaona nafasi ipo. Ipange upya kwa exFAT kwanza. Na usinunue zile za barabarani zilizoandikwa GB 512 kwa bei ya sahani ya chipsi. Nyingi ni za GB 8 au 16 zilizodanganywa zijisomee kubwa: zitapokea faili lote bila kulalamika, na mtoto atakapofika kwenye makala za herufi P atakuta hakuna kitu. Nunua dukani penye risiti, ijaze mpaka mwisho siku hiyohiyo, ufungue makala za mwanzo, za katikati na za mwisho. Ikikataa, irudishe kabla muuzaji hajasahau sura yako.